Tawi la Zamani na Simu ya Mama

Kayseri, Uturuki

Baba yangu, shikamoo.

Najua umeshtuka. Sauti unayoisikia si ya Mzee Athumani, wala ya mdogo wangu Mwanahawa, wala yangu. Ni ya simu. Ni simu ileile ya marehemu mama, yenye kona iliyopasuka, na hapo ulipo haiombi mtandao wala haimtegemei mtu. Maneno tu ndiyo yangu. Nimeyaandika hapa dirishani, mlima umejaa theluji mbele yangu, na mwanao nimevaa soksi juu ya soksi. Afya ninayo, alhamdulillahi, ukiacha mafua ya huku ambayo hayana adabu. Wewe je? Goti limepoa? Korosho mmemaliza kuokota? Na mvua imejaza kisima, au bado mnanunua maji ya dumu?

Mzee Athumani naye shikamoo, maana najua yuko hapo barazani kwenye benchi lake, na baiskeli za watu anazozitengeneza kaziacha zimelala chali. Mzee wangu, leo pumzika. Tangu presha ya macho imnyime baba kusoma, barua zangu zote zimepita kinywani mwako, na kwa kuwa wewe ni mtani, Mmakua wa Masasi usiyemwogopa Mmakonde yeyote, umekuwa ukizitia chumvi unavyotaka. Mimi naandika kuwa vitunguu vimepanda bei, wewe unasoma kuwa nimeposwa na Mturuki mwenye kiwanda. Shangazi Fatu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja na vigoda vyao. Nilicheka niliposimuliwa, na bado nacheka.

Ila kuna neno moja, baba, nimelibeba tangu kiangazi cha huku, na nimeapa halipiti kwa mtu yeyote kabla ya kukufikia wewe. Liko mwishoni mwa barua. Kwanza nikusimulie jinsi sauti hii ilivyofika hapo, maana mimi mwenyewe mpaka leo nikiifikiria nashika kichwa.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho, asubuhi ile Mwanahawa alipoleta maandazi yamefungwa kwenye gazeti? Zamani gazeti lile ungelikunjua, ungelipangusa mafuta kwa kiganja, ukawasomea watu wote barazani, hata kama habari yenyewe ni ya mwaka juzi na nusu yake imechanika. Siku ile ulilikunjua vilevile, ukalipangusa vilevile, kisha ukabaki umelishika tu. Nikasema, "Lete nikusomee, baba."

"Hapana," ukasema. "Kusomewa nimesomewa sana. Mimi nataka kusoma."

"Na simu je? Si nakupigia kila Ijumaa?"

"Aa, simu! Unaweka sauti ya nje, baraza zima linakusalimia, mtandao unakata, basi, yameisha. Barua unaisoma leo, kesho unairudia, keshokutwa ndiyo unaielewa."

Maneno hayo nilipanda nayo basi mpaka Masasi, nikapanda nayo ndege, nikafika nayo huku.

Kazini, kama unavyojua, natunza kompyuta za kiwanda cha makochi. Sehemu kubwa ni kuwafungulia watu waliosahau neno la siri. Lakini jioni nikirudi chumbani nilianza kutafuta kitu cha kuwasomea wasioona, nikakipata. Ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye simu. Haiuzwi, baba. Inaitwa programu huria, kwa maana walioitengeneza wameyaacha maandishi yake wazi, kila mtu duniani ayasome, aulize, arekebishe. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya kujisifu tu. Nikafungua, nikasoma. Kila badiliko lililowahi kufanywa limehifadhiwa, na jina la aliyelifanya, na sababu yake, kurudi nyuma mpaka mstari wa kwanza kabisa. Mahali pamoja nilikuta mtu ameandika, "Nimerekebisha hapa ili mke wangu asome ujumbe wa daktari wake bila mimi." Niliurudia mstari huo tangu mwanzo. Watu wasiojuana, ambao hawajawahi kunywa chai pamoja, wanajenga nyumba moja na hakuna anayedai kuwa ni yake! Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Kiswahili kilikuwamo humo, tena kizuri, ila sauti yake ilikuwa ikiletwa na mtandao kila inapotaka kusema. Mwanahawa alikuwekea, na matokeo unayakumbuka. Ilisema, "Baba yangu mpendwa, mimi huku ni," halafu kimya. Ukabaki hujui mimi huku ni mzima au ni mgonjwa mpaka mtandao uliporudi baada ya adhuhuri. Shangazi alishaanza kunisomea dua.

Nikakutumia simu mpya yenye nguvu. Ukaipapasa, ukasema imelainika kama sabuni, haina pa kushika, ukamrudishia Mwanahawa. Ya mama ina ile kona iliyopasuka, na kidole gumba chako kinajua njia yote kuanzia pale. Sikubishana nawe. Simu ile mama aliishika mpaka siku yake ya mwisho, na mimi pia ningeishika. Nikasema basi, kama baba hatoki kwenye simu hiyo, sauti ndiyo itakayomfuata humo. Iingie ikae, isihitaji mtandao.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchagua tawi, na hapo ndipo nilipokosea. Subiri nieleze. Programu ya namna hii ina shina, na kazi mpya zote hufanyika kwenye shina. Mambo yakitulia hutolewa tawi, yaani nakala inayowekwa kando. Tawi haliongezewi mambo makubwa, linatunzwa tu lisiharibike, ili wanaolitumia wasisumbuliwe, huku shina likiendelea kwenda juu. Sasa shina lilikuwa limekwisha kwenda mbali kupita uwezo wa simu ndogo. Simu ya mama ilikuwa imebaki kwenye tawi la zamani pamoja na simu nyingine za umri wake, na tawi hilo lilikuwa limetangazwa kwamba litafungwa. Likifungwa, hakuna kitu kitakachoingia tena, na wewe ungebaki hivyo hivyo, unakatiwa maneno katikati ya salamu. Umebebesha mikorosho maisha yako yote, ukiunga kikonyo cha huu kwenye shina la ule, habari za mashina na matawi sina haja ya kukufundisha.

Nikafikiri kama mtu wa Newala. Kwetu kila nyumba ina kisima chake chini ya paa lake. Mvua ikinyesha kila mtu anakinga yake, na ya jirani anajua jirani. Nikaona simu ya baba iko kwenye tawi la zamani, basi nami nafanya kazi kwenye tawi la zamani, la shina halinihusu. Nikajifungia na kazi hiyo jioni baada ya jioni. Sikumuuliza mtu, sikumwonyesha mtu. Ilipoanza kufanya kazi nikaituma kwa mtunzaji wa tawi hilo, nikingoja kupongezwa.

Mtunzaji ni mama mmoja wa Chile, anaitwa Marisol. Alinijibu upesi. "Kazi yako ni nzuri, Somoe. Lakini siwezi kuipokea."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwetu kitu kipya kinaanzia kwenye shina," akaandika. "Kikikubaliwa kule, ndipo mimi nakileta kwenye tawi. Ukikiweka kwenye tawi peke yake, siku nikilifunga kitakufa nalo, na watu wa shina hawatajua kama kiliwahi kuwepo. Unadhani huko kwenye shina hakuna watu wanaoishi pasipo mtandao?"

Sikuwa nimewafikiria, baba. Nilikuwa nakinga yangu tu. Nikamwandikia mambo yote, macho yako, gazeti la maandazi, simu ya mama, na Mzee Athumani na chumvi yake. Marisol alikawia, kisha akanijibu, na jibu lake nimelishika kichwani kama sura ya Kurani.

"Mimi pia sioni," akasema. "Nimezaliwa hivi. Programu hii naitengeneza kwa kuisikiliza, inanisomea maandishi yake yenyewe. Tawi la zamani nilitaka kulifunga kwa kuwa nilidhani humo hamna mtu tena. Kumbe yumo baba yako. Nenda ukafanye kwenye shina. Mimi nitaliacha tawi wazi kadiri wenzangu watakavyonivumilia."

Nilisoma maneno yale nimesimama, birika linachemka mpaka maji yakaisha. Hebu fikiria, baba. Mtu haoni hata mwanga wa taa, na kitu ambacho mimi mwenye macho mawili napotea ndani yake, yeye amekijenga na kukitunza kwa masikio. Siku ya kwanza tulipozungumza kwa sauti nilimsikia akisomewa kazi yangu, mbio kama mvua kwenye bati. Mimi sikunasa hata neno. Yeye akasema, "Hapo hapo, rudi juu kidogo, kuna mahali umefungua hukufunga." Nikatazama, kweli. Nikapafunga palepale.

Kwenye shina karibu nianze upya, maana kila kitu kilikuwa kimehamishwa kutoka mahali pake. Nilipotuma, watu wakaja kukagua. Mmoja yuko Nepal, akaniambia sauti inachelewa kuanza. Mwingine ni mwalimu wa shule ya wasioona kwenye kisiwa kimoja cha Indonesia. Huyo alisema kwao nako mtandao ni wa kubahatisha, akaijaribu kwa lugha yake pamoja na wanafunzi wake, kisha akanirudishia makosa yangu kwa upole kabisa. Kulikuwa na mbishi wa Ujerumani. Yeye akakataa mstari mmoja, nikaubadilisha, akaukataa tena, mpaka nikawa namtukana kwa Kimakonde peke yangu chumbani. Mwishowe nikaona ana haki, nikamshukuru. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Newala iko wapi kabla ya hapo, na wote walikaa wakashughulikia jambo la Newala kana kwamba ni la mtaani kwao.

Kisha ikaingia. Ulitokea ujumbe mfupi tu kwamba kazi imeunganishwa na shina, na jina langu kando yake, Somoe wa Newala, juu ya majina yote yale niliyokuwa nikiyasoma kwa heshima. Nilivaa koti nikatoka kutembea kwenye theluji bila sababu yoyote. Mama mmoja wa duka la mkate aliniuliza kama nimepata mtoto.

Lakini wewe ulikuwa bado. Marisol akaichukua kazi ile aishushe kwenye tawi la zamani, ikagoma. Sauti ilikuwa kubwa mno, simu ndogo inaishiwa nafasi na kujizima. Siku za tawi zilikuwa zinakwisha, na wenzake walikuwa wanamuuliza hadharani kwa nini hajalifunga. Niliogopa. Nikamwandikia kuwa kama haiwezekani, basi, nitaelewa. Hakunijibu, alikuwa kazini. Yule mwalimu wa Indonesia naye, bila kuombwa na mtu, akaikata sauti vipande vipande, simu iwe inashika kile inachosema wakati ule tu na kukiachia. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na tawi linalokaribia kufungwa.

"Baba yako si bado yumo?" akanijibu.

Marisol akaipokea, akatoa toleo la mwisho, akalifunga tawi. Mtu yeyote duniani akienda leo kuliangalia, ataikuta kazi hiyo kwenye ncha, pale pasipoongezwa kitu tena, na mahali pa kuandika sababu Marisol ameandika, "Ili mtu mmoja wa Newala asome mwenyewe." Itakaa hapo, baba. Hakuna anayefuta kitu huko. Nimeisoma sababu hiyo siku nyingi sasa na sijaizoea.

Nilitafuta simu kuukuu sokoni hapa, ya aina ya simu ya mama, nikazima mtandao, nikaandika, "Baba Somoe, umeamkaje?" Ikasema yote, mpaka mwisho, haikukata. Sauti yenyewe si nzuri sana, wewe mwenyewe unaisikia, imebana pua kama mtu aliyetoka kunusa ugoro. Mimi nililia kama niliyesikia adhana baada ya kupotea porini.

Mwanahawa ameomba ruhusa kule Ndanda anakouguza, amekuja kukuwekea, na amekuonyesha pa kugusa kuanzia kwenye ile kona. Ukigusa mara moja inanyamaza. Ukigusa mara mbili inaanza upya. Haichoki na haitii chumvi.

Sasa salamu zangu. Nisalimie Shangazi Fatu, dada yako, mwambie vigelegele avitunze. Nisalimie sana Mjomba Bakari, kaka wa marehemu mama, ambaye bila yeye hakuna jambo la ukoo linalosogea, mwambie namshika miguu. Mwanahawa mdogo wangu, muuguzi wetu, Mungu amlipe kwa safari hii ya vumbi na matope. Na Mzee Athumani, mtani wetu, ambaye pamoja na uongo wake wote hakuna siku aliyokataa kunisoma, namheshimu kuliko anavyojua. Nikija nitamletea msokoto wa tumbaku ya Kituruki, na Wamakonde wa kilimani, anaowatania kwa shida ya maji, niwaletee maji ya chupa, asipate la kusema.

Barua ya baraza inaishia hapa. Mzee Athumani, nenda kamalizie baiskeli za watu, wasije wakatembea kwa miguu mpaka Masasi. Shangazi, Mwanahawa anahitaji msaada jikoni. Mwanahawa, mpe baba waya wa masikioni kwanza. Baba, gusa mara moja uinyamazishe, uendelee utakaposikia wote wametoka.

*

Umebaki peke yako? Haya.

Nimeposwa, baba. Safari hii ni kweli. Anaitwa Selemani, anasomea umeme Ankara, tulikutana kwenye sikukuu ya Idi ambako Watanzania wa huku tulikusanyika kupika pilau. Sasa kaa vizuri. Ni Mmakua. Ni Mmakua wa Masasi, kwao ni pale chini ya majabali, na baba yake ana duka la pembejeo. Umeona sasa kwa nini neno hili sikuweza kulipitisha kwa Mzee Athumani? Angehamishia kitanda chake barazani kwako, na Newala nzima ingejua kabla ya alasiri kuwa Wamakua wamekuja kuwaokoa watu wanaooga kwa kijiko.

Ni mpole, anaswali, ananichekesha. Nikikasirika hanyamazi, anauliza. Nampenda, baba. Sijawahi kuliandika neno hilo katika barua yoyote, kwa sababu kila nilipotaka kuandika jambo la moyoni nilikiona kinywa cha mtu mwingine kikilisoma mbele ya watu, nikaandika bei ya vitunguu.

Najua kwa desturi zetu jambo hili ni la Mjomba Bakari, na wazee wa upande wao watakuja kwake kama inavyotakiwa. Sijamwambia bado. Mwanahawa hajui, ingawa tumetoka tumbo moja. Selemani mwenyewe nilimwambia angoje, kwamba simjibu mpaka baba yangu asome, na baba yangu bado hawezi kusoma. Amengoja tangu kiangazi, na alikuwa akiuliza habari za lile tawi kila siku kuliko mimi. Sikutaka uambiwe barazani ukalazimika kutabasamu kwa ajili ya watu. Nilitaka likufikie ukiwa peke yako, ulikasirikie kama ni la kukasirikia, ulifurahie kama ni la kufurahia, ulale nalo, uamke nalo. Ukisema ndiyo nitafurahi. Ukisema hapana nitalia, lakini nitakusikiliza. Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kulijua, na umelisoma mwenyewe.

Usiharakishe. Kesho utalirudia, keshokutwa ndiyo utalielewa. Gusa mara mbili, baba, nami nitaanza tena tangu shikamoo.

Mwanao,
Somoe